Daftari Lililolowa

Mwezi wa tisa ndio mwezi wa kuona mbali. Kiangazi chote, huko kusini ambako msitu wetu unakoma na nyasi zinaanza, watu huchoma mbuga, na moshi hukaa angani wiki baada ya wiki hata jua likaonekana kama sinia ya shaba. Kisha mvua mbili tatu zinapiga, moshi unashuka pamoja na vumbi, na vilima ambavyo hukujua kama vipo vinajitokeza. Watu wa nchi za baridi wana majira yao ya majani kupukutika. Ndipo wanapopanda treni kwenda milimani, madaftari ya kuchorea mkononi. Sisi wa Kasuku, hapa Kindu, hatuna majani ya rangi ya dhahabu. Tuna hewa iliyooshwa, nayo yatosha kabisa.

Kijana ninayemsimulia alikuwa mwanafunzi wangu, na nyumba yao na yetu zinatazamana. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa ameniruhusu kusimulia kwa sharti hilo. Mkono wake ulikuwa mwepesi tangu utoto: alichora mitumbwi inayovuka mto kwenda Alunguli, na ungemtambua mpiga kasia kwa mgongo wake tu. Alipomaliza shule akaendesha pikipiki ya abiria mwaka mzima, akaweka akiba, na jioni moja akaja barazani kwangu akasema, "Mwalimu, nataka kwenda kuchora milima."

Hakuwahi kuona mlima. Kindu iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na tunachokiita mlima hapa mjini ni mwinuko wa kumfanya mtu ashuke kwenye baiskeli aisukume. Alitaka kupanda gari la moshi hapa hapa, ashuke nalo Kibombo, Samba na Kongolo hadi Kabalo, kisha ashike njia ya mashariki kupitia Nyunzu na Niemba mpaka Kalemie, ziwani. Kuna mtu alimwambia kwamba asubuhi ya hewa safi, ukisimama ufukweni Kalemie, unaiona milima ya Mahale ng'ambo ya Tanganyika, upande wa Tanzania. Ni kweli. Kilele chake kikubwa, Nkungwe, kina mita 2,462, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 770 na kitu, kwa hiyo ukuta unaouona unapanda zaidi ya mita 1,600 kutoka majini.

Nilimpa shauri moja tu: achukue kalamu ya risasi, kreyo ya kawaida. Yeye alikuwa ameshanunua boksi la fetre, kalamu kumi na mbili za rangi, na alikuwa akizifungua kifuniko na kuzifunga kama mtu aliyepewa dhahabu. "Kreyo ni ya watoto, Mwalimu," akasema kwa heshima zote. Nikanyamaza. Ningeweza kumweleza kwamba risasi ya kalamu ni kaboni, inakaa ndani ya nyuzi za karatasi na maji hayaiyeyushi; kwamba wino wa fetre za namna ile ni rangi iliyoyeyushwa majini, na kilichoyeyushwa majini hurudi majini. Nilijua hayo. Sikutaka kumvunjia furaha, na kunyamaza kwangu nakuhesabu kuwa kosa la kwanza katika habari hii.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Reli ile ina historia inayostahili kuchorwa. Ilijengwa na kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, kwa sababu mto wetu hauendeki moja kwa moja: kati ya Kindu na Kongolo Lualaba una miamba na maporomoko, na karibu na Kongolo unabanwa kwenye korongo ambalo Wabelgiji waliliita Lango la Jehanamu. Mashua zikashindwa, zikalazwa reli, kilomita 355, na mwaka 1911 magari yakaanza kupita. Kipande cha Kabalo hadi Kalemie, kilomita 273, kikakamilika mwaka 1915. Daraja la Kongolo ni la mwaka 1939. Kisha vita vya 1998 vikaikata njia, na Kindu ikakaa miaka sita bila kusikia honi, hadi treni iliporudi mwaka 2004. Aliyekuwapo siku ile hasahau. Kwa hiyo hapa kwetu mtu akisema anapanda treni, hasemi jambo dogo, hata leo inapokuja kwa nadra na kuondoka inapoweza.

Kijana alichora tangu kituo cha kwanza. Alichora mama aliyelala juu ya gunia la mchele huku mkono mmoja umeshika pindo la kanga ya mwanawe. Alichora masufuria yaliyofungwa nje ya dirisha, mbuzi aliyepakiwa kwa mbeleko ya kamba, wauza karanga wakikimbia sambamba na behewa. Darajani Kongolo alifunga daftari, na alifanya vyema: daraja, kama kambi na uwanja wa ndege, si mahali pa kutoa kamera wala kalamu bila ruhusa, na wapo waliolala ndani kwa kutojua hilo.

Kabla ya kufika Kongolo, mahali fulani baada ya Samba, treni ilisimama saa nyingi, kama ilivyo kawaida yake. Giza likaingia. Mzee mmoja wa breki, mtu aliyeishi juu ya reli maisha yake yote, akamkaribisha kwenye behewa lake la nyuma, akampa kipande cha muhogo na chai isiyo na sukari. Kijana akamwomba amchore. Mzee akasogeza taa karibu na uso, akakaa kimya kama nusu saa. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu, mnyororo wa kuungia mabehewa ulimpiga ujanani. Mchoro ulipokwisha aliushika kwa mikono miwili, akautazama muda mrefu.

"Umeniwekea na kovu," akasema. "Basi umeniona kweli."

Maneno hayo kijana aliniletea nyumbani kama zawadi. Nayakumbuka kuliko maelezo yake yote ya milima.

Kalemie alikaa siku tatu. Asubuhi mbili za kwanza ng'ambo ya ziwa hakukuwa na kitu ila weupe. Usiku wa pili mvua ikanyesha mpaka alfajiri, na siku ya tatu kabla ya jua kuchomoza milima ilikuwa imesimama pale, ya buluu iliyokolea, mgongo mmoja mrefu wenye meno machache, na chini yake mstari mwembamba wa ukungu uliokata mlima kutoka majini hata ukaonekana unaelea. Akachora kwa dakika ishirini, kisha jua likapanda nyuma ya mgongo ule na macho hayakuweza tena. Hakuandika tarehe. Hakuandika alisimama wapi. Hakupiga picha, kwa sababu simu yake ilikuwa imezima tangu Kabalo.

Kurudi alipata nafasi kwenye behewa la wazi, juu ya mizigo. Kati ya Niemba na Nyunzu mvua ikawakuta. Wenye bashe, yaani turubai, walijifunika, wasio nayo waliinamisha vichwa. Mfuko wake wa kitambaa, daftari ndani, alikuwa ameulalia kama mto. Ilinyesha usiku mzima.

Alipofika Kasuku alifunga mlango wa chumba chake akalifungua daftari kitandani. Kurasa zilikuwa zimegandana. Alizibandua kwa nguvu, zikachanika. Nyekundu ilikuwa imeingia ndani ya buluu, buluu ndani ya kijani. Mahali pengine palibaki kivuli cha mstari, pengine doa tu lenye kingo za zambarau. Katika kurasa sitini na moja alizojaza, saba ndizo alizoziona zinafaa kuonyeshwa mtu, nazo zilikuwa za siku ya kwanza, za wauza karanga na mbuzi. Mlima ulikuwa umekuwa wingu. Uso wa mzee wa breki ulibaki nusu: paji, nyusi moja, na kijistari cha kovu, kwa sababu hapo alikuwa amerudia rudia wino mweusi.

Asubuhi yake daftari lile alimpa mama yake awashie mbabula, jiko letu la makaa.

Mpaka hapo ni uzembe, na uzembe wa kijana husameheka. Kilichofuata ni kizito zaidi. Kwa wiki mbili hakutoka. Alinunua kaye, yaani daftari jipya, akachukua biki, akachora safari nzima upya kutoka kichwani, ukurasa baada ya ukurasa, na alipomaliza akaja kuniletea kana kwamba ndilo daftari lililosafiri. Michoro ilikuwa mizuri. Nasema kwa moyo wote kwamba ilikuwa mizuri kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Abiria walikaa kwa mpangilio, hakuna aliyekatwa na ukingo wa karatasi, moshi ulitoka kwenye kichwa cha treni kwa mkunjo wa kupendeza, ingawa vichwa vya siku hizi ni vya dizeli. Na ng'ambo ya Tanganyika palisimama milima mirefu yenye vilele vilivyochongoka kama misumari, na juu ya kila kilele, theluji.

Niliiona theluji ile. Najua jiografia, ndiyo kazi yangu. Najua kwamba theluji ya kudumu katika nchi yetu iko Ruwenzori, kwenye vilele vinavyozidi mita 5,000, na kwamba mlima wa mita 2,462 karibu na ikweta haujui theluji ni nini. Nilijua imetoka kwenye kalenda ya ukutani, zile zenye picha za Uswisi. Sikusema neno. Nilichagua michoro tisa nikaibandika darasani. Mwisho wa mwaka mtoto mmoja akaandika kwenye mtihani kwamba milima ya Mahale ina theluji, nikamkata alama, na moyo wangu ukaniuma mpaka nikaacha kusahihisha usiku ule.

Miezi ikapita. Treni ikaleta habari kwamba mzee wa breki amefariki huko huko njiani, kwa homa. Jamaa zake wanaishi Mikelenge, hapa hapa mjini. Siku chache baada ya matanga alikuja mjane wake pamoja na mwana wake mkubwa, wamevaa nguo za msiba, wakauliza nyumba ya kijana mchoraji. Mzee alikuwa amewasimulia. Aliwaambia kuna kijana wa Kasuku ana sura yake kwenye daftari. Nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Zile chache zilipotea miaka ya kukimbia.

Kijana aliniita, nikavuka njia. Aliwakalisha, akawapa maji, akaleta kaye, akafungua ukurasa, akamwekea mama magotini kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu kumpa mkubwa. Mama akatazama. Ua lilikuwa kimya, kuku tu wakiparura. Akalisogeza daftari mbali kidogo, akalirudisha karibu.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni baba, mama. Kwenye behewa."

Akaweka kidole juu ya kovu. Kijana alikuwa amelichora juu ya nyusi ya kulia, refu, la kutisha, kovu la askari.

"Lilikuwa huku," mama akasema, akijigusa nyusi ya kushoto. "Dogo. Nilikuwa naliona kila asubuhi akinywa chai." Akafunga kaye taratibu. "Huyu si yeye. Lakini asante, mwanangu, umemfanya mtu mwenye nguvu."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Mwana wake alimshika mkono wakaondoka, na kijana akabaki ameshika kaye lile lililofungwa mpaka giza likaingia. Ndipo aliponiambia yote: mvua, madoa, mbabula. Na alipofika kwenye ule ukurasa wenye paji, nyusi moja na kovu mahali pake, sauti ilikatika. Angeweza kumpa mama nusu ya uso, ikawa nusu ya mume wake.

Usiku ule nilimsimulia habari za Nyangwe, nazisimulia na hapa, kwa kuwa zilitokea mkoani kwetu na watoto wetu hawazijui.

Nyangwe iko kusini mwa Kindu, ukingoni mwa Lualaba hii hii. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikaa huko miezi kadhaa, na karatasi zikamwishia, na wino pia. Akachukua kurasa za gazeti la zamani la Uingereza alilokuwa nalo, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa kukatiza, akitumia wino aliojitengenezea kutokana na rangi ya mmea wa huku. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wenye bunduki waliufyatulia risasi umati wa soko la Nyangwe, wengi wakiwa wanawake waliokuja na mizigo yao. Wengine walipigwa, wengine walizama mtoni wakijaribu kukimbia. Hesabu alizoandika zinakaribia watu 400. Aliyaandika hayo kwenye kurasa zile za gazeti siku zile zile. Baadaye akayanakili kwa utulivu kwenye daftari lake kubwa, na hilo ndilo lililotumika kutengeneza kitabu kilichotoka mwaka 1874, baada ya kifo chake.

Kurasa za gazeti zilififia. Wino wa mmea ulikuwa umepauka hata jicho halikuweza kuutenga na herufi za gazeti. Karatasi hizo dhaifu, zilizochafuka, mtu yeyote mwenye haraka angezitupa. Hazikutupwa. Zilitunzwa miaka 140 hivi, mwishowe huko Blantyre, Uskoti, mpaka kundi la watafiti lilipozipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, likapata mwanga ambao chini yake maandishi ya gazeti yanafifia na wino wa Nyangwe unatokeza. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Na walipolinganisha wakaona kwamba alichoandika papo hapo na alichonakili baadaye havifanani katika mambo kadhaa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Ukurasa uliofifia ulijua jambo ambalo nakala safi ililinyamazia.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Zilikaa wapi miaka yote hiyo, Mwalimu?" Nikamwambia, kwenye kasha. Akarudia neno lile, kasha, mara mbili.

Sisemi kwamba kuchora kutoka kichwani ni dhambi. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, katika miaka ya 1970, alichora historia ya nchi nzima, picha kama mia moja, mengi yakiwa mambo ambayo hakuyaona kwa macho, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya mtafiti aliyemrekodi. Alijulikana anafanya nini. Hakuna aliyekuja kwake kutafuta kovu la mumewe. Na maji kula kazi ya mchoraji si aibu mpya: Albert Lubaki wa Bukama alichora kwenye kuta za nyumba za udongo, kazi ambayo mvua huila, mpaka mwaka 1926 ofisa mmoja wa Kibelgiji, Georges Thiry, alipompa karatasi na rangi za maji, na miaka mitatu baadaye kazi zake zikaonyeshwa Brussels. Lubaki alijua ukuta ni ukuta. Alichofanya kijana wetu ni kuchukua kumbukumbu na kuipa jina la ushahidi, na mimi nikaipigilia misumari darasani.

Michoro ile tisa niliishusha siku ya pili. Nikawaeleza wanafunzi sababu, pamoja na theluji, na yule mtoto nikamrudishia alama zake mbele ya wenzake.

Kijana alikwenda Mikelenge peke yake. Hakuniambia alisema nini kwa yule mama, nami sikuuliza. Najua alirudi mara ya pili, na ya tatu, na kwamba mama alimweka mwana wake mkubwa kwenye kigoda akawa anamwelekeza: shavu la baba yake lilikuwa hivi, sikio lilikaa chini zaidi, jicho hili lilikuwa dogo akicheka. Walikaa jioni nyingi. Chini ya mchoro uliotoka humo kijana ameandika kwa kreyo: si yeye mwenyewe, ni kama mke wake anavyomkumbuka, na tarehe. Mama ameutundika chumbani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa tena, alikuwa akivuka kutoka Alunguli mtumbwi ukaingia maji, na daftari likalowa tena. Nilitoka nje jioni nikamwona uani kwao. Hakulifungua kwa nguvu safari hii. Alikuwa amelilaza kivulini, mbali na jua na mbali na mbabula, ameingiza vipande vya karatasi kavu ya magazeti kati ya kurasa, akavibadilisha kila vilipolowa, akasubiri. Kesho yake kurasa zikaachana zenyewe. Akafunga kamba kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya jikoni, akazibana moja moja kwa vibanio vya nguo: mitumbwi, migongo ya wapiga kasia, gati, uso wa mtoto aliyeshika samaki. Mistari ya kreyo ilikuwa yote pale. Karatasi ndiyo iliyojikunja, na tope la mto limeacha ukingo wa kahawia kwenye kila moja.

Mama yake alikuja na kikapu cha kuokotea karatasi za kuwashia moto, akasimama, akatazama kamba.

"Hizi nazo zimeharibika?"

"Zimelowa, mama," akamjibu. Alikuwa akipita chini ya kamba na kalamu yake ya risasi, akiandika kwenye pembe ya kila ukurasa siku ulipolowa na mahali.